Uliza Bi Zuhura: Amerika ya Kaskazini, mji upi?

Katika toleo lililopita niliandika kwamba mgeni aupime mji kwa mambo mawili: kama unatembeleka kwa miguu, na kama akichoka atapata pa kukaa bila ya kudaiwa anunue kitu. Sisi tuliokulia kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe hatukuhitaji kufundishwa hilo. Barua zimekuja nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza Amerika ya Kaskazini, kwani siku hizi nyumba nyingi Unguja na Pemba zina mtoto au ndugu huko. Nimekata tiketi za ndege Shangani miaka mingi na binti yangu anaishi Toronto. Ninayoyajibu hapa ni niliyoyaona mwenyewe, pamoja na waliyonisimulia wasafiri waliorudi.

Assalaam alaykum Bi Zuhura. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mtoto wetu anafanya kazi Columbus, jimbo la Ohio, na katualika mimi na mama yake mwezi wa Juni. Viza tumeshapata. Anasema atatupeleka mji mmoja mkubwa kwa siku nne. Yeye anataka New York, moyo wangu mimi uko Chicago, na mama magoti yanamsumbua. Tuamulie.
*Mwalimu, Chake Chake*

Waalaykum salaam mwalimu wangu. Nendeni Chicago.

Nianze na magoti ya mama. New York ni mji wa ngazi. Treni yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa 1904, ina stesheni zaidi ya 400, na nyingi mpaka leo hazina lifti. Chicago ni tambarare, mabasi yake yanafika kila pembe, na kutoka Columbus ni safari ya gari ya kiasi cha saa sita, wakati New York ni karibu saa tisa.

Lakini sababu yangu kubwa, na kwako wewe mwalimu itakuwa tamu, ni simba. Kando ya Ziwa Michigan kuna Makumbusho ya Field, na ndani yake wamo simba wawili wa Tsavo, Kenya. Ndio wale waliokuwa wakiwatoa watu mahemani usiku mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika mto Tsavo na vibarua wakawa wanajenga daraja. Wakati huo mwambao wa Mombasa ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba tu. Kwa hivyo hadithi hiyo ni yetu pia, na ni ajabu kwenda kuikuta huko mbali. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Ngozi zao akazifanya mazulia ya nyumbani kwake kwa miaka 25 hivi, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho hayo kwa dola 5,000. Zilikuwa zimechakaa, ikabidi zikatwe. Ndiyo maana simba utakaowaona ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Ni madume, lakini hawana manyoya ya shingoni.

Usiondoke hapo bila ya kuyaangalia mafuvu. Mmoja wao chonge la chini limevunjika, na kwenye mzizi wake kulikuwa na jipu. Jino kama hilo haliwezi kumshika nyati, na watafiti wanaona huenda ndilo lililompeleka kwa binadamu. Patterson alidai simba hao waliua watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na manyoya yao, wakakadiria kuwa waliwala watu kama 35. Wewe uliyesomesha historia utasimama hapo muda mrefu, na mama atapata benchi la kukusubiri.

Mabenchi ndiyo yanayonipendezesha Chicago. Mwaka 1909 mbunifu Daniel Burnham alitoa mpango wa mji uliosimamia jambo moja muhimu, kwamba ufukwe wa ziwa ni haki ya watu wote. Mpaka leo sehemu kubwa ya ufukwe ule ni bustani, hakuna hoteli iliyojitia ukuta ikawafukuza wenyeji. Nilipouona nilisikitikia pwani zetu kadhaa. Mama akae pale jioni, upepo unampiga, maji mbele yake hayana ng'ambo na bado ni maji matamu.

Siku moja pandeni boti ya mtoni inayotembezwa na mtu wa kueleza majengo. Nauli si ndogo, lakini ipo haki yake. Mtaelezwa kwamba mji uliungua Oktoba 1871, kwamba mwaka 1885 lilisimama hapo jengo la ghorofa 10 la Home Insurance, ambalo wengi wanalihesabu kuwa mama wa maghorofa marefu yote ya dunia, na kwamba mwaka 1900 wahandisi waliugeuza mto wenyewe utiririke kinyume, ili uchafu usiingie ziwani ambako watu walikuwa wakichota maji ya kunywa. Mkishaona hayo kutoka mtoni, kupanda juu ya jengo refu la Willis Tower kwa tiketi ghali sioni lazima.

Na mtoto awapitishe kwenye barabara ya ziwani, ambayo tangu 2021 ina jina la Jean Baptiste Point DuSable. Huyu ni mtu mweusi, anayesemekana alitokea Haiti, na ndiye mkaazi wa kwanza wa kudumu wa pahala palipokuja kuwa Chicago. Chakula cha halali msikitafute mbali, nendeni mtaa wa Devon Avenue. Wahindi na Wapakistani wamejaa, na biriani yao haimpi tabu mtu wa Pemba.

Shikamoo Bi Zuhura. Nakwenda semina New York na viza ninayo. Nitabakiwa na siku tatu zangu mwenyewe. Pesa sina nyingi. Nifanye nini?
*Msichana wa Jang'ombe*

Marahaba mwanangu. Siku ya kwanza usinunue tiketi yoyote. Nenda ncha ya kusini ya Manhattan upande boti ya Staten Island. Ni bure, inakwenda mchana na usiku, mwendo wa dakika 25. Ukitoka Manhattan kaa upande wa kulia, ndiko inakopita Sanamu ya Uhuru ambayo Wafaransa waliwapa Wamarekani na ikazinduliwa 1886. Nje ya kituo watakujia watu wenye vizibao na vitambulisho wakuuzie tiketi. Wapite. Boti ile haina tiketi.

Siku ya pili vuka daraja la Brooklyn kwa miguu, lakini anzia upande wa Brooklyn ili majengo ya Manhattan yawe yanakujia usoni. Daraja ni la 1883 na njia ya waendao kwa miguu iko juu ya magari. Mchana nenda Bryant Park, nyuma ya maktaba kuu. Kuna viti vyepesi vya kijani, mamia kwa mamia, havikufungwa kwa mnyororo. Unakivuta chako unakiweka kivulini, unakaa utakavyo, hakuna anayekuuliza. Kwa mji unaosifika kwa haraka na pesa, jambo lile lilinigusa kuliko maghorofa yote.

Chakula chako kiwe wali na kuku wa mikokoteni ya halali, iko kila kona ya katikati ya mji. Kama Ijumaa itakukuta huko, msikiti wa mtaa wa 96, uliofunguliwa 1991, utauona umekaa upogo na barabara, kwa sababu miji ile imepimwa kwa mistari na kibla hakifuati mistari yao. Siku ya tatu panda treni namba 7 uende Queens mpaka mwisho, Flushing, ushuke njiani utakapo. Ule ndio mji wenyewe, watu wa dunia nzima wakifanya maisha yao. Times Square pita mara moja usiku, utazame taa, uondoke. Wale waliovaa sura za katuni wakikuomba mpige picha watataka pesa.

La mwisho: bei ya kwenye rafu siyo utakayolipa. Kodi huongezwa unapofika kwa karani, na mkahawani mhudumu hutarajia asilimia 18 mpaka 20 juu ya hesabu. Weka hayo kwenye bajeti yako usije ukaaibika.

Dada Zuhura, mimi na baba watoto tunakwenda kwa shemeji yangu Toronto na watoto watatu wa skuli. Wenzetu wanatwambia Montreal ni nzuri zaidi. Kweli?
*Mama wa watatu, Bububu*

Kweli, mdogo wangu, ingawa nasema hivyo na damu yangu iko Toronto. Toronto ni mji wa kuishi. Uzuri wake umo kwenye mitaa ya watu, na kwa sisi umo kwenye kukutana. Utawakuta wazee wa Kihindi wenye asili ya Dar na Unguja wanaokusemesha Kiswahili dukani na kukuuliza habari za Forodhani. Kwa watoto kuna boti ya dakika chache kwenda visiwani mbele ya mji, ambako magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, wakimbie watakavyo. Kutoka kule mnara wa CN wa mita 553, uliokamilika 1976, mtauona mzima bila ya kulipa. Niagara ni lazima, kiasi cha kilomita 130. Upande wa Canada ndio unaoyaona maporomoko kwa mbele, na kuyatazama ukiwa umesimama barabarani hakuna malipo. Shemeji akiwa na nafasi awapeleke Makumbusho ya Aga Khan, yaliyofunguliwa 2014, watoto waone misahafu ya kale na vyombo vya Waislamu wa Iran, Misri na Uhispania. Mimi sijapata kuona kwengine huko pahala panapomheshimu mtoto wa Kiislamu namna ile.

Lakini Montreal ukishuka kwenye treni, mwendo wa saa tano na kitu, unajua umefika pahala. Mji una mlima katikati, Mont Royal, na bustani yake ilipangwa na Frederick Law Olmsted, aliyepanga pia Central Park ya New York akiwa na Calvert Vaux. Ikafunguliwa 1876. Mnapanda polepole mpaka juu, mnauona mto na mapaa, watoto wanashuka wakiwa wamechoka na usiku wanalala mapema. Treni ya chini ya ardhi, ya mwaka 1966, inakwenda kwa matairi ya mpira, na kila stesheni ina sura yake. Wanangu wa dada yangu walitaka kushuka kila moja waione. Soko la Jean-Talon, lililoanza 1933, ni la wakulima. Utaonjeshwa matunda kabla ya kununua, jambo ambalo masoko mengi ya Toronto na Marekani hayafanyi.

Lugha ni Kifaransa. Anza na *bonjour*, hata kama utaendelea kwa Kiingereza. Ukianza na Kiingereza tu, baadhi yao huona hukuwaamkia. Mswahili hilo analielewa. Kaeni Toronto siku zote za shemeji, lakini mtoe siku tatu za Montreal. Mkipata na ya nne, mwende Quebec, saa tatu tu kwa gari, mji wenye kuta za ngome zilizosimama bado, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1985, miaka 15 kabla ya Mji Mkongwe wetu.

Bi Zuhura, nimeuza karafuu vizuri mwaka huu na nataka kuona Los Angeles. Gari sijui kuendesha. Unasemaje?
*Kijana wa Wete*

Hongera kwa karafuu, baba. Los Angeles bila gari utalala hotelini. Mji umetandaa, kutoka pahala hadi pahala ni saa nzima barabarani, na pa kukaa bure pazuri ni pwani, ambayo wewe unayo mlangoni kwako. Ukishikilia upande ule wa Marekani, nenda San Francisco. Ni mji mdogo kwa eneo, unatembeleka, una vile vigari vinavyovutwa na waya chini ya barabara tangu 1873, na daraja la Golden Gate la 1937 unalivuka kwa miguu bure. Chukua koti zito hata mwezi wa Julai, kwa sababu ukungu wa baharini huingia mjini wakati ambapo kwengine ni joto kali. Wenyeji huisifu Septemba na Oktoba.

Bi Zuhura, mimi natembeza wageni hapa Mji Mkongwe. Nimepata udhamini mdogo wa kwenda kuona wenzetu wanavyotunza miji ya kale. Naambiwa Amerika ya Kaskazini hakuna mji wa kale. Kweli?
*Mtembeza wageni, Malindi*

Aliyekwambia hivyo hajafika Mexico City, na Mexico imo Amerika ya Kaskazini. Mji ule uliasisiwa na Wamexica, ndio wanaoitwa pia Waazteki, mwaka 1325 kwa jina la Tenochtitlan, juu ya kisiwa katikati ya ziwa. Wahispania wakauteka 1521, wakajenga wao juu yake, na ziwa likakaushwa. Ardhi ile ya ziwa inadidimia mpaka leo. Ingia kanisa kuu lililo kwenye uwanja wa Zócalo. Sakafu utaihisi inakupeleka upande, na juu yako imening'inizwa timazi ndefu inayoonyesha jinsi jengo lilivyoinama na linavyorudishwa. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe angesimama chini ya timazi ile akaingiwa na huzuni na tamaa kwa pamoja. Sisi Beit al Ajaib, jumba letu la maajabu, iliporomoka mbele ya macho yetu Disemba 2020.

Toka kanisani, hatua chache tu. Februari 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba mtaro waligonga jiwe la duara lenye upana wa zaidi ya mita 3, limechongwa mwili wa mungu wa kike wa Wamexica, Coyolxauhqui, aliyekatwa viungo. Serikali ikaamua kuvunja majengo yaliyokuwa juu, likafukuliwa hekalu kuu la kale, Templo Mayor. Leo unatembea katikati ya ngazi zake huku daladala zao zinapiga honi ng'ambo ya ukuta. Nenda pia Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, yaliyofunguliwa 1964. Uyape siku nzima. Na treni yao ya chini ya ardhi ni peso 5, kila stesheni ina mchoro wake mbali na jina, hata asiyejua kusoma anafika.

Mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza usikimbilie ngazi, pumzi itakukatikia. Na kwenye mikate yao ya mahindi yenye nyama ya kuchomwa kwenye mhimili, iuzwayo kila kona, uliza kwanza. Mtindo ule uliletwa na wahamiaji kutoka Lebanon, lakini nyama siku hizi ni ya nguruwe. Chagua ya ng'ombe, maharage, na mahindi ya kuchoma.

Mji wa pili ni New Orleans. Mtaa wake wa kale, French Quarter, ulianza 1718. Moto wa 1788 na 1794 uliteketeza nyumba nyingi za Wafaransa, kwa hivyo roshani za chuma unazoziona zilijengwa baadaye. Tangu 1936 kuna tume yenye nguvu ya kisheria, na mwenye nyumba habadilishi mlango, dirisha wala rangi ya nje bila ya idhini yake. Kaa nao, uwaulize wanavyofuatilia, nani anakwenda kukagua, na mkaidi hufanywa nini.

Ila waulize na swali gumu zaidi: wakaazi wamekwenda wapi? Kuta zimelindwa vizuri, lakini familia nyingi zimehama. Mimi nakuomba ulibebe swali hilo kwa niaba yetu sote, kwa sababu nami nina mtaa wa utotoni ambako usiku sasa sisikii sauti ya mtoto hata mmoja. Mlango wa msumari wa shaba ukitunzwa na nyuma yake hakuna anayeishi, tumetunza nini?

Na Jumapili nenda Congo Square, uwanja ambako Waafrika waliotiwa utumwani waliruhusiwa siku hiyo kukutana, kupiga ngoma na kuuza vitu vyao. Keti hapo. Wewe unayewaonyesha wageni kila siku soko la watumwa la Mkunazini utakuwa na mengi ya kuwaza, na mengi ya kuwaeleza wageni wako utakaporudi.

Bi, kwa ufupi tu: viza na msimu?
*Mfanyabiashara, Darajani*

Viza kwanza, tiketi baadaye, kila mara. Marekani mwaka 2025 iliitia Tanzania katika orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi hutakiwa dhamana inayofika mpaka dola 15,000, na masharti yameendelea kukazwa. Hakikisha na ubalozi wenyewe Dar es Salaam, si kwa wakala wa mtaani anayekuhakikishia kwa maneno. Canada ina maombi yake peke yake. Mwenye viza hai ya Marekani au Canada huingia Mexico bila ya viza ya Mexico, na hilo limewaokoa wateja wangu wengi.

Msimu: Septemba na mwanzo wa Oktoba ni bora kwa New York, Chicago, Toronto na Montreal. Januari na Februari huko usiende kwa matembezi, maji ya ziwani huganda. New Orleans iepuke katikati ya msimu wa vimbunga, hasa Agosti na Septemba, na uende Machi. Mexico City mvua hunyesha alasiri kuanzia Juni mpaka Septemba, kwa hivyo Novemba mpaka Aprili ni salama zaidi. Ukija ofisini na tarehe zako, njoo na pasipoti yenye zaidi ya miezi sita iliyobaki.